MLINZI ALIYE MAJINI

Dominika ya Kwanza ya Majilio, Mwaka C
(Yer 33:14-16, 1 The 3:12–4:2, Lk 21:25-28, 34-36)



Wapendwa wasikilizaji, Taifa la Mungu mlioko majumbani, vigangoni na katika vitanda vya wagonjwa, leo Mama Kanisa anaufungua mwaka mpya wa liturujia. Padre amevaa zambarau, mshumaa wa kwanza wa Majilio umewashwa, na yamkini watoto wamekwisha kuanza kuuliza habari za Noeli. Lakini Injili ya leo haitupeleki Bethlehemu. Inatupeleka ufukoni. Bwana wetu anazungumza juu ya mataifa yatakayotaabika kwa sababu ya ngurumo ya bahari na mawimbi yake, na juu ya watu watakaozimia kwa kuyahofu mambo yanayoujia ulimwengu. Kisha, mahali pale pale ambapo tungetegemea atuambie tujifiche, anatuambia tusimame wima na kuinua vichwa. Na mwishoni anatuachia amri moja, nayo ni kukesha.

Mara nyingi tunapoihubiri Injili hii tunaipita bahari kwa haraka. Tunasema bahari ni mfano tu, na hapo hapo tunaingia katika habari za dhamiri. Leo tunaomba ruhusa yenu tukae kidogo baharini. Maana wako walinzi wa kweli wanaokesha juu ya maji usiku na mchana, na kazi yao yaweza kutufafanulia neno kukesha kuliko maelezo mengi tuliyoyasoma seminarini. Walinzi hao si watu. Ni maboya.

Wasikilizaji wa pwani wanalijua boya. Ni kile kielea kinachowekwa bandarini kumwonyesha nahodha mahali penye maji marefu. Boya tunalolisema leo ni la ukoo huo huo, ila limepelekwa mbali, kilomita mia moja, mia tatu au zaidi kutoka nchi kavu, mahali pasipo bandari. Limeundwa kama sinia kubwa la chuma au alumini, lenye upana wa mita tatu, na mengine hata kumi au kumi na mbili. Limefungwa kwa mnyororo na kamba nene ya nailoni, na kamba hiyo inashuka mpaka kwenye nanga iliyolala sakafuni mwa bahari. Juu yake umesimama mlingoti wenye vyombo vya kupima kasi ya upepo na upande unakotoka, mgandamizo wa hewa, na joto. Tumboni mwake kimo chombo kinachohisi kila linapoinuliwa na kila linaposhushwa, na kutokana na kupanda na kushuka huko kimo cha mawimbi hukokotolewa. Nguvu yake ni ya jua na betri. Na kila saa, bila kungoja kuulizwa, linarusha hesabu zake kwenye setilaiti, nazo hurudi duniani mezani pa watabiri wa hali ya hewa. Halina jina, lina namba tu.

Kazi iliyo kubwa kupita zote zinazolipata boya la namna hiyo ni kutoa habari za kimbunga kinachokuja. Watu wa Atlantiki wana jina lao kwa kimbunga, wa Pasifiki ya magharibi wana lao, na wa Bahari ya Hindi wana lao; sisi Waswahili tuna neno moja, na kweli kitu chenyewe ni kimoja. Bahari inapokuwa na joto la nyuzi ishirini na sita au saba, hewa iliyo juu yake hulowa, hupanda, na kuacha pengo. Hewa nyingine hukimbilia pengo hilo ikizunguka, na mzunguko huo ukipata nguvu huweza kubomoa miji. Pwani yetu, kwa kuwa iko karibu na ikweta, imehurumiwa mara nyingi, lakini si mara zote. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na minazi na kuziharibu merikebu za Sultani Barghash. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kiliingia karibu na Beira, na katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi walikufa watu zaidi ya elfu moja. Mwezi Mei 2024 Hidaya ilifika kisiwani Mafia. Basi mtu asizime redio akidhani tunasimulia mambo ya ng'ambo. Hata hivyo tutakwenda ng'ambo, mpaka Ghuba ya Mexico, kwa sababu huko maboya ni mengi na yaliyopimwa yameandikwa saa kwa saa.

Zamani kabla ya maboya, kazi hii ya kuisoma bahari ilifanywa kwa macho. Katika historia yake limo jina ambalo sisi mapadre tunalitaja kwa fahari kidogo, Mungu atusamehe. Ni Padre Benito Viñes, Mjesuiti kutoka Hispania, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kupimia hali ya hewa cha Chuo cha Belén mjini Havana, Cuba, tangu mwaka 1870 hadi alipofariki mwaka 1893. Padre huyo alisali sala zake, akapanda darini, akaandika. Aliandika habari za mawingu membamba ya juu sana, upande yanakotokea na jinsi yanavyotawanyika kama nyuzi. Aliandika upepo, mgandamizo wa hewa, na mawimbi marefu yanayofika ufukoni siku ambazo upepo haupo. Mwezi Septemba 1875 alitoa gazetini onyo la kimbunga linalohesabiwa miongoni mwa maonyo ya kwanza kabisa. Hakudai kuwa nabii. Alilinganisha ya leo na ya jana, mwaka baada ya mwaka, mpaka bahari ikawa kwake kama kitabu kilichofunguliwa.

Miaka saba tu baada ya kifo chake, Marekani ilionyesha jinsi onyo linavyoweza kufa njiani. Mwaka 1900 idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo ilikuwa imezuia habari za vimbunga za watazamaji wa Cuba zisipitishwe kwa telegrafu. Iliwaona kuwa ni watu wa kutia hofu bure. Kimbunga kilipopita Cuba mwanzoni mwa Septemba, Wacuba walikitazamia kwenda Ghubani, upande wa Texas. Wakubwa wa Washington walisema kitageuka kuelekea Florida na kaskazini. Tarehe 8 Septemba, Isaac Cline, mkuu wa kituo cha hali ya hewa katika mji wa Galveston, Texas, aliyaona mawimbi mazito yakiingia mjini ijapokuwa upepo ulikuwa ukivuma kutoka nchi kavu kuyazuia. Bahari ilikuwa inasema, lakini muda wa kusikia ulikuwa umekwisha. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 6,000 na 12,000. Ndugu zangu, hapo hapakukosekana elimu. Kilichokosekana ni unyenyekevu wa kupokea habari kutoka kwa mtu unayemdharau, na tunathubutu kusema kwamba dhambi hiyo imeua watu wengi kuliko upepo.

Turudi kwa boya. Kimbunga kikiwa bado mbali, jua linawaka, upepo ni mwanana, wavuvi wanaimba. Jambo la kwanza ambalo boya hulihisi si upepo wala mvua. Ni wimbi. Mawimbi ya kawaida hufuatana kila baada ya sekunde nne, tano au sita. Sasa chini ya mawimbi hayo linaanza kupita wimbi la namna nyingine, refu, tulivu, lisilo na povu, na mwenzake halifuati ila baada ya sekunde kumi na mbili, kumi na nne, kumi na sita. Mtu aliye mashuani huenda asilitambue. Boya linalitambua. Maana ndivyo Mungu alivyoyaumba maji: wimbi likiwa refu zaidi hukimbia zaidi. Wimbi la sekunde kumi na tano hupeleka nguvu zake kwa mwendo wa kama kilomita 40 kwa saa, na kimbunga chenyewe aghalabu hutembea kilomita 15 hadi 25 tu kwa saa. Kwa hiyo mjumbe humtangulia bwana wake kwa siku nzima au mbili. Sisi husema dalili ya mvua ni mawingu. Mabaharia wa zamani waliongeza kwamba dalili ya kimbunga ni bahari inayopumua polepole pasipo upepo.

Baadaye mgandamizo wa hewa unaanza kupungua. Siku ya kawaida ni kama milibari 1013. Unashuka moja, unashuka mbili, unasitasita. Halafu unashuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Upepo unazidi na kugeuka, na kutokana na mgeuko huo mjuzi hutambua kitovu cha kimbunga kinapita upande gani wa boya. Lakini angalieni jambo hili. Hakuna boya linaloweza kusema peke yake kimbunga kinakwenda wapi. Boya husema neno moja tu: hapa nilipo, saa hii, mambo ni haya. Namba zake zikiwekwa pamoja na za maboya mengine, na picha za setilaiti, na taarifa za ndege zinazorushwa mpaka ndani ya kimbunga, hapo ndipo njia inapochorwa. Tungependa wale ndugu zetu wanaotangaza tarehe ya mwisho wa dunia wajifunze kwa boya. Halipigi kelele. Halisemi lisilopimwa. Halijikwezi kuwa ndilo lililouona mpango wote. Wala halinyamazi kwa kuwa jana halikusikilizwa.

Sasa tuje kwenye mwaka 2005. Kimbunga Katrina kilizaliwa karibu na visiwa vya Bahamas tarehe 23 Agosti, kikapita kusini mwa Florida, kikaingia Ghuba ya Mexico, ambako kilikuta maji ya moto kama supu. Tarehe 28 Agosti ilikuwa Dominika, siku kama ya leo. Siku hiyo pepo zake zilifika kilomita 280 kwa saa, daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa, na mgandamizo kitovuni ukashuka hadi milibari 902. Boya moja kubwa lililokuwa katikati ya Ghuba, namba 42003, lilipinduliwa na mawimbi. Habari zake zikakoma. Kwa mtabiri aliyezoea, ukimya wa boya nao ni habari.

Boya jingine, namba 42040, lilikuwa kama kilomita 118 kusini mwa kisiwa cha Dauphin, Alabama. Saa moja jioni ya Dominika hiyo, watu wa pwani wakiwa bado wanabishana kama waondoke au wabaki, boya hilo lilikwisha kupima mawimbi ya mita 9. Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu lilipima karibu mita 17. Wataalamu wanapotaja kimo hicho hawataji wimbi moja la ajabu. Wanataja wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, maana yake yalikuwamo mengine yaliyopita hapo. Mita 17 ni ghorofa tano. Boya lenye upana wa chumba kimoja lilipanda ghorofa tano na kushuka, likapanda tena na kushuka, usiku kucha, na kila saa ilipogonga likatuma hesabu zake. Kimo hicho kililingana na kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa na maboya ya Marekani. Na kituo cha taifa kinachoyasimamia maboya hayo kiko Stennis, jimbo la Mississippi, karibu kabisa na mahali ambapo kitovu cha kimbunga kilipita asubuhi ile.

Hapa pana jambo ambalo tunaomba mlisikilize kwa makini, hasa ninyi makatekista. Usiku ule pepo zilipungua. Katrina ilipogusa nchi kavu huko Buras, Louisiana, kiasi cha saa kumi na mbili asubuhi, ilikuwa imeshuka kutoka daraja la tano hadi la tatu. Mtu aliyekuwa anafuata habari za upepo peke yake angeweza kushusha pumzi. Lakini bahari ilikuwa bado imebeba nguvu iliyopewa siku iliyotangulia. Mawimbi yaliyozaliwa katika daraja la tano hayakurudi nyuma kwa sababu upepo umepungua. Yaliendelea na safari yao, yakaongezwa juu ya maji yaliyokuwa yakisukumwa na kimbunga kipana mno. Huko Pass Christian, Mississippi, maji yalipanda hadi mita 8 na nusu. Boya lilikuwa limelisema hilo kwa namba zake: upepo unashuka, mawimbi yanapanda.

Ni mara ngapi mambo yamekuwa hivyo hata nyumbani mwetu? Baba ameacha kupiga kelele, ugomvi umetulia, tunasema yamekwisha. Kumbe katika moyo wa mtoto wimbi lile la jana ndilo kwanza liko njiani.

Watu wa pwani ya Mississippi walikuwa na sababu yao ya kubaki. Mwaka 1969 walipigwa na kimbunga Camille cha daraja la tano, na nyumba nyingi zilizosimama siku hiyo zilikuwa zingali zimesimama. Wakasema: ikiwa maji ya Camille hayakufika hapa, hakuna yatakayofika. Wengi wa wale waliokufa katika nyumba hizo waliuawa na kumbukumbu hiyo. Walikuwa na kipimo, lakini kilikuwa cha miaka thelathini na sita iliyopita. Anayekesha hupima usiku huu.

Wako wahubiri ambao baada ya msiba ule walipanda mimbarani wakasema Mungu ameuadhibu mji wa New Orleans kwa dhambi zake. Sisi hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Bwana wetu alipowataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikataa waziwazi kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine. Na kama ni adhabu, tazameni iliwaangukia akina nani. Waliopoteza maisha walikuwa zaidi ya 1,300. Katika jimbo la Louisiana karibu nusu yao walikuwa wazee wa miaka 75 na zaidi. Katika nyumba moja ya kutunzia wazee, wilayani St. Bernard, walikufa wazee 35 ambao hawakuhamishwa. Kuta za kuzuia maji zilipopasuka, karibu robo tatu na zaidi ya mji wa New Orleans ikafunikwa, na humo walikuwamo makumi ya maelfu ya watu waliosikia onyo vizuri kabisa ila hawakuwa na gari. Agizo la kuuhama mji lilitolewa Dominika ile asubuhi. Mwenye gari alijaza mafuta akaondoka. Asiye na gari alisikia agizo lile lile, kwa redio ile ile, akakaa kitini.

Basi, wapendwa, hapa ndipo Injili ya leo inapotushika. Tumezoea kufikiri kwamba kukesha ni kujua mapema ili kujiokoa. Lakini boya haliwezi kujiokoa. Limefungwa kwa nanga mahali ambapo hatari itapita. Linapima kwa ajili ya wengine. Anayepata habari kwanza amekuwa mdeni wa yule ambaye habari hiyo haimsaidii kitu bila mkono wa mtu. Ndiyo maana Kanisa limeliweka leo, kando ya Injili ya kukesha, somo ambamo Paulo anawaombea Wathesalonike upendo wao uongezeke na kuzidi, wao kwa wao na kwa watu wote. Tukiyatenganisha masomo haya mawili tunapata mkristo mwenye taa iliyojaa mafuta, mlango aliofunga kwa komeo, na jirani anayezama.

Tena Bwana anataja vitu vinavyoulemea moyo hata usiweze kukesha: ulafi, ulevi, na masumbufu ya maisha. Juu ya viwili vya kwanza tumehubiri sana, na walevi wetu wamekwisha kuyazoea mahubiri hayo. Juu ya cha tatu tunanyamaza. Mama anayetafuta unga wa leo hana nafasi ya kusikiliza kitakachotokea keshokutwa. Huyo tusimkaripie kwamba hakesha. Tukeshe kwa zamu yake.

Lipo pia jambo la aibu kidogo. Samaki hupenda kukusanyika chini ya maboya, kwenye kivuli chake, na wavuvi wanalijua. Kwa hiyo katika bahari nyingi za dunia vyombo vya uvuvi hufunga kamba zao kwenye maboya ya kupimia, huyavuta, huyavunja. Na wengine hung'oa betri na vyombo. Hata maboya ya mpango uitwao RAMA, ambayo tangu mwaka 2004 yamekuwa yakiwekwa katika Bahari yetu ya Hindi, yamepatwa na hasara hiyo. Mvuvi anapata kapu la samaki, na siku ya dhoruba anashangaa kwa nini hakuna aliyemwonya. Tusimcheke. Katika parokia zetu mna wazee wenye busara, mna masista, mna makatekista ambao tumekula samaki wa kivulini mwao miaka mingi, lakini siku walipotuambia neno lisilotupendeza tukakata kamba yao.

Na neno moja la Majilio. Setilaiti huiona dhoruba yote kutoka juu, picha nzuri nyeupe inayozunguka, yenye tundu katikati. Inaona mawingu, haitikiswi na wimbi hata moja. Boya limo ndani ya maji, na linachokipima linakipata mwilini mwake. Mifano yote huchechemea, na huu nao unachechemea, kwa maana Mungu wetu huona vyote pasipo chombo. Lakini hakuridhika kutuona kutoka juu. Mwana wake alishuka akaingia majini, akalala ndani ya mashua iliyokuwa ikijaa maji, akajua kwa mwili wake baridi ya usiku na hofu ya wenzake. Huyo ndiye tunayemngojea juma hizi nne. Anayetuambia tuinue vichwa wakati bahari inanguruma ni mtu aliyewahi kuloweshwa nayo.

Tunawaombeni kazi moja kwa juma hili. Kila jumuiya ndogo ndogo ikutane, na baada ya kuisoma Injili iandike majina: ni nani katika mtaa wetu au kitongoji chetu asiyeweza kukimbia? Bibi anayeishi peke yake, mgonjwa wa kiharusi, mama aliyejifungua juzi, kipofu, mzee asiye na simu, familia iliyojenga bondeni kwa sababu haikupata kiwanja kwingine. Mbele ya kila jina liandikwe jina la pili, la mtu atakayekwenda kumgongea mlango, na chombo atakachomchukulia, iwe baiskeli, mkokoteni au mgongo wake mwenyewe. Wasiandikwe Wakatoliki peke yao. Maji hayaulizi mtu amebatizwa wapi. Katekista aipokee orodha hiyo Dominika ijayo, aitunze kigangoni mahali panapofikika hata usiku, na aulize mapema mwenye ufunguo wa kanisa analala nyumba ipi.